Saa 43 za Mapenzi ya Wasiokufa: Hesabu Nyuma ya Eternal Love

Bilioni 50. Ndiyo idadi ya mara ambazo tamthilia ya Kichina ya Eternal Love iliripotiwa kufunguliwa kwenye mitandao ya video ya China baada ya kuanza kuonyeshwa tarehe 30 Januari 2017. Igawe kwa vipindi vyake 58, unapata wastani wa mara milioni 862 kwa kipindi kimoja. Kisha iweke pembeni ya hesabu nyingine: mwisho wa mwaka huohuo China nzima ilikuwa na watumiaji wa intaneti milioni 772, na kati yao waliokuwa wakitazama video mtandaoni ni milioni 579. Hata kama kila Mchina mwenye intaneti angeketi akatazama vipindi vyote 58 bila kuruka kimoja, jumla ingekuwa bilioni 44.8. Bado bilioni tano na ushei hazina mtazamaji.

Sehemu ya pengo hilo ina maelezo ya haki. Kilichohesabiwa ni kufungua, si mtu. Aliyeanza kipindi kwenye simu akiwa ndani ya basi na kukimalizia kwenye runinga nyumbani alihesabiwa mara mbili, na mashabiki wa tamthilia hizi hurudia vipindi wanavyovipenda mpaka wakavijua kwa moyo. Sehemu nyingine haina maelezo ya haki: katika soko la video la China wakati ule, kununua namba za watazamaji ilikuwa biashara inayojulikana. Tarehe 3 Septemba 2018 kampuni ya iQIYI iliacha kabisa kuonyesha idadi ya waliotazama, ikaweka badala yake kipimo cha joto la mjadala, na wengine wakafuata. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote katika habari ya tamthilia hii ndiyo yenye manufaa madogo kuliko zote. Ubora na udhaifu wa Eternal Love unapimika kwa namba nyingine: saa, bei ya kipindi, malipo ya nyota, na siku za kuonyeshwa.

Tuanze na saa. Vipindi 58 vya dakika 45 ni dakika 2,610, yaani saa 43 na nusu. Ukiangalia vipindi viwili kila jioni, unamaliza siku ya 29. Karibu hivyo ndivyo ilivyoonyeshwa China kwenyewe: vituo viwili vya satelaiti, cha Zhejiang na kile cha Dragon cha Shanghai, viliirusha tangu siku ya tatu ya Mwaka Mpya wa Kichina hadi tarehe 1 Machi, mwezi mmoja mzima, kwa kuanzia na zile siku ambazo watu wamerudi kwa wazazi wao na runinga haizimwi.

Hadithi yenyewe inahitaji mwezi huo. Imetoka kwenye riwaya ya mwandishi anayejulikana kwa jina la Tang Qi, na mhusika mkuu ni Bai Qian, mbweha mwenye mikia tisa, binti wa watawala wa Qingqiu. Akiwa na umri wa miaka 50,000 anajigeuza mvulana aitwaye Si Yin ili apokewe na bwana wa vita Mo Yuan kama mwanafunzi kwenye mlima Kunlun. Anasoma miaka 20,000. Mo Yuan anajitoa mhanga vitani, na Bai Qian anautunza mwili wa mwalimu wake miaka 70,000 akingoja arudi. Jumlisha: miaka 140,000. Ndiyo umri alionao anapokutana na Ye Hua, mrithi wa kiti cha Mbingu Tisa, ambaye ana miaka 50,000 tu. Bibi harusi amemzidi bwana harusi kwa miaka 90,000, na tamthilia inalifanyia mzaha mwema jambo hilo mara nyingi.

Lakini kilichowaliza watu si hiyo miaka elfu kwa elfu. Ni muda mfupi ambao Bai Qian, akiwa amepoteza kumbukumbu na nguvu zake zote, anaishi kwenye kibanda cha mlimani kama mwanamke wa kawaida aitwaye Su Su, anamwokota Ye Hua aliyejeruhiwa, na wanaoana kwa kuapa mbele ya mbingu na ardhi. Huko juu Mbinguni anasingiziwa kosa na mwanamke aitwaye Su Jin, anang'olewa macho, anajifungua mtoto akiwa kipofu, kisha anakwenda mwenyewe, akipapasa, hadi ukingo wa jukwaa ambalo wasiokufa huhukumiwa, na kujirusha.

Litazame tukio hilo kwa jicho la mhasibu. Kitambaa cheupe kimefungwa machoni pa mwigizaji Yang Mi. Nguo ni nyeupe isiyo na pambo. Mkononi ana kioo kidogo cha shaba ambacho mumewe alimpa ili wazungumze akiwa mbali. Hakuna joka, hakuna jeshi, hakuna mlima unaopasuka. Macho, ambayo ndiyo silaha kubwa ya mwigizaji yeyote wa mapenzi, yamefichwa, kwa hiyo kazi yote imebaki kwa midomo, vidole na jinsi mguu unavyotafuta pa kukanyaga. Ni miongoni mwa dakika za bei nafuu katika saa zote 43, nami nasema ndizo bora kuliko zote.

Sasa nenda kwenye tukio la upande wa pili, pale Ye Hua anapokwenda kisiwa cha Yingzhou kuchuma jani la tiba na kupigana na wanyama wanne wakali wanaolilinda. Hapo kompyuta ndiyo imefanya kazi yote. Wanyama hawana uzito; wanaruka bila vumbi, wanapigwa bila kutikisika, na manyoya yao yanang'aa kwa mwanga usiolingana na mwanga uliomwangukia mwigizaji. Tukio hilo ni nguzo ya hadithi, maana ndipo Ye Hua anapopoteza nguvu ya mkono kwa ajili ya mwanamke asiyemkumbuka, lakini mtazamaji anatolewa nje ya hadithi na picha yenyewe.

Kwa nini basi mtayarishaji asipunguze vipindi kumi na kuitia fedha ile kwenye wanyama wanne? Jibu liko katika namna tamthilia inavyouzwa. China, kama ilivyo kwingine kwingi, kituo cha runinga au jukwaa la video hununua kwa kipindi. Bei hupatanwa kwa kimoja, kisha huzidishwa kwa idadi.

Chukua mfano wa kubuni, si hesabu ya tamthilia hii. Tuseme mavazi, mandhari, hakimiliki ya riwaya na malipo ya nyota vimekula yuan milioni 150 kabla hata kamera haijawashwa, na kila kipindi kinaongeza gharama ya milioni 1.5. Mnunuzi analipa milioni 5 kwa kipindi. Ukitengeneza vipindi 40, umetumia milioni 210 na kupokea 200. Umekula hasara ya 10. Ukitengeneza 58, umetumia 237 na kupokea 290. Umepata faida ya 53. Hadithi ni ileile, nyota ni walewale, nguo ni zilezile. Vipindi 18 vya nyongeza ndivyo vilivyogeuza hasara kuwa faida. Mwandishi wa muswada aliyeambiwa aongeze 18 hana uchawi: ataongeza kumbukumbu za nyuma, atampa adui njama ya nne inayofanana na ya tatu, atawaweka wahudumu wawili wazungumze kuhusu jambo ambalo sisi tumeliona kwa macho yetu.

Shinikizo hilo la kurefusha liliongezeka kuanzia tarehe 1 Januari 2015. Kabla ya hapo tamthilia moja iliweza kurushwa na vituo vinne vya satelaiti kwa wakati mmoja, vikagawana bei. Sheria mpya ikasema viwili tu, na visizidi vipindi viwili kwa usiku. Wanunuzi wa runinga walipopungua kwa nusu, watayarishaji waliegemea upande wa intaneti, ambako majukwaa ya iQIYI, Tencent na Youku yalikuwa yakishindana kwa fedha za kutupa. Tamthilia za wasiokufa, ambazo vijana walizifuata kwa simu, zikawa ndiyo bidhaa yenyewe. Ashes of Love ya mwaka 2018 ilifika vipindi 63. Legend of Fuyao ya mwaka huohuo, ikiwa na Yang Mi tena, ilifika 66.

Ningekuwa mwonevu kama ningesema urefu ni ubovu mtupu. Mwaka uleule wa 2017, tarehe 3 Agosti, riwaya ileile ilitoka kama filamu ya sinema, Once Upon a Time, nyota wakiwa Liu Yifei na Yang Yang. Waongozaji wake walikuwa wawili na wote wana sifa kubwa: Zhao Xiaoding, mpigapicha aliyewahi kuteuliwa kuwania Oscar kwa House of Flying Daggers, na Anthony LaMolinara, aliyeshinda Oscar ya picha za kompyuta kwa Spider-Man 2. Ukitaka msitu wa mipichi unaometa na wanyama wenye uzito, hao ndio wa kuwaajiri. Filamu iliingiza zaidi ya yuan milioni 530, si haba, lakini kwenye mtandao wa Douban, ambako Wachina huzipa filamu alama, iliishia karibu na alama 4 kati ya 10, wakati tamthilia yenye wanyama wasio na uzito ilipata zaidi ya 6.

Tofauti ni muda. Filamu ilikuwa na chini ya saa mbili za kumzeesha mtu miaka 140,000. Su Su anaingia, anapenda, anaumia, anaruka, na mtazamaji bado anatafuta jina la nani ni nani. Kwenye tamthilia umeshakaa naye jioni kadhaa kwenye kile kibanda. Umemwona akigombana na mumewe kuhusu chakula. Anapofungwa kitambaa cheupe machoni, unajua macho yale yalikuwa yanaangaliaje. Kitu hicho hakinunuliwi kwa kompyuta ya aina yoyote. Kinanunuliwa kwa saa. Ndiyo maana naikubali Eternal Love pamoja na uvivu wake wa katikati: urefu uleule uliowatajirisha watayarishaji kwa vipindi visivyo na kazi ndio uliotupa Su Su.

Kuna mahali pengine ambapo fedha ilitumika kwa akili. Wahusika watano wakuu walibebwa na waigizaji wawili: Yang Mi ni Bai Qian, Si Yin na Su Su; Mark Chao ni Ye Hua na Mo Yuan. Hadithi yenyewe inataka hivyo, lakini mhasibu naye anafurahi. Mark Chao anawatenganisha wanaume wake wawili kwa mabega tu: Mo Yuan anatembea kama mtu ambaye hajawahi kukimbia, Ye Hua anatembea kama mtu anayejizuia asikimbie. Nafasi ya mpwa wa Bai Qian, Bai Fengjiu, alipewa Dilraba Dilmurat, na ya Donghua, mpenzi wa Fengjiu, akapewa Gao Weiguang, wote wawili kutoka Jay Walk, kampuni inayohusiana na Yang Mi na iliyokuwa miongoni mwa watayarishaji. Kampuni ilikuza nyota wake ndani ya kazi yake, na mwezi Januari 2020 wawili hao wakapata tamthilia yao wenyewe, Eternal Love of Dream, vipindi 56.

Mandhari pia. Sehemu ya tamthilia ilipigwa Puzhehei, wilaya ya Qiubei mkoani Yunnan, kusini kabisa, penye vilima vya mawe ya chokaa vinavyochomoza katikati ya maziwa yaliyojaa yungiyungi. Ukungu wa asubuhi wa Puzhehei haumdai mtu ankara. Baada ya tamthilia kuonyeshwa, watalii walimiminika huko kupigwa picha palipopigwa matukio ya Qingqiu, nchi ya Bai Qian, na wilaya ambayo Wachina wengi hawakuwa wakiijua ikapata soko. Na kwa majumba ya kifalme China ina studio ya Hengdian, mkoani Zhejiang, iliyoanza mwaka 1996 kwa kujenga mtaa wa karne ya 19 kwa ajili ya filamu ya Xie Jin kuhusu Vita vya Kasumba. Tangu mwaka 2000 Hengdian haiwatozi watengenezaji kodi ya kutumia mandhari yake. Inapata kwenye hoteli, vyakula, vifaa vya kukodisha na watalii. Mtayarishaji wa Afrika Mashariki anayeomba kibali cha kupiga picha kwenye jengo la kale, akalipia ofisi hii na ile kabla hajawasha kamera, afikirie maana ya bure hiyo ya Hengdian.

Basi kama mandhari ni bure na waigizaji wawili wanabeba watu watano, fedha inakwenda wapi? Kwa nyota. Mwezi Septemba 2017, miezi michache baada ya Eternal Love, vyama vya watayarishaji na waigizaji wa China vilitoa mwongozo kwamba malipo ya waigizaji wote yasizidi asilimia 40 ya gharama ya tamthilia, na wahusika wakuu wasichukue zaidi ya asilimia 70 ya fungu hilo. Zidisha: wahusika wakuu, ukomo wao ni yuan 28 katika kila 100. Mwongozo hutolewa pale ambapo hali halisi imeshapita hapo. Mwezi Agosti 2018 majukwaa matatu makubwa na kampuni sita za utayarishaji zikatangaza kwa pamoja kwamba hakuna mwigizaji atakayelipwa zaidi ya yuan milioni 1 kwa kipindi, wala zaidi ya milioni 50 kwa tamthilia nzima. Kwa thamani ya miaka ile yuan moja ilikuwa karibu shilingi 330 za Tanzania au shilingi 15 za Kenya, kwa hiyo ukomo wenyewe ni zaidi ya shilingi bilioni 16 za Tanzania kwa mtu mmoja kwa kazi moja.

Na ukomo huo ulirukwa. Kesi iliyotikisa zaidi ilihusu tamthilia ya mapenzi ya aina hiihii, Qian Nü You Hun, kisa cha kale cha msomi anayempenda mzimu wa msichana. Tarehe 27 Agosti 2021 mamlaka ya kodi ya Shanghai ilitangaza kwamba mwigizaji Zheng Shuang alikubaliana malipo ya yuan milioni 160 kwa kazi hiyo ya mwaka 2019 na kupokea milioni 156, kwa mikataba miwili, mmoja wa kuonyesha na mmoja wa kuficha. Alitakiwa kulipa milioni 299, faini ikiwa ndani yake. Madai yaliyoibuka hadharani mwezi Aprili mwaka huo yalisema upigaji picha ulichukua siku 77, na Wachina wakafanya mgawanyo: yuan milioni 2.08 kwa siku. Kwa shilingi za Tanzania ni zaidi ya milioni 680 kila jua linapozama. Na jumla ya milioni 160 ni zaidi ya mara tatu ya ukomo wa milioni 50 uliotangazwa mwaka mmoja tu kabla.

Nalitaja hilo kwa uchungu kwa sababu fedha hiyo ina mahali ilipotoka. Imetoka kwa fundi wa kompyuta aliyepewa wanyama wanne na muda wa kuunda mnyama mmoja. Imetoka kwa mwandishi wa muswada aliyeambiwa aongeze vipindi badala ya kulipwa aandike upya. Unapoona joka baya kwenye tamthilia ya nyota wakubwa, usimlaumu fundi kwanza. Angalia nani yuko kwenye bango.

Majukwaa nayo yalikuwa yakivuja damu. Mwaka 2019 iQIYI ilipata mapato ya yuan bilioni 29, ikatumia bilioni 22.2 kwenye maudhui peke yake, na kufunga mwaka kwa hasara ya bilioni 10.3. Ilikuwa na wanachama milioni 107 wanaolipia. Igawe hasara kwa wanachama: karibu yuan 96 kwa kila mmoja, wakati ada ya mwezi ilikuwa yuan 19.8. Kila mtu aliyelipia alikuwa akifadhiliwa karibu miezi mitano. Biashara ya namna hiyo haiwezi kudumu, na haikudumu. Ada ilipandishwa hadi yuan 25 mwezi Novemba 2020. Wakajaribu pia kumtoza mwanachama fedha ya ziada ili aone vipindi vya mwisho mapema. Mwanasheria mmoja akaishtaki iQIYI, Mahakama ya Intaneti ya Beijing ikampa haki mwezi Juni 2020, na kufikia Oktoba 2021 utaratibu huo ulifutwa.

Kilichobadilisha sura ya tamthilia hizi zaidi ya yote ni waraka wa serikali wa Februari 2020 uliotaka tamthilia zisizidi vipindi 40, na kuhimiza zibaki 30 au chini. Angalia mfuatano: 58 mwaka 2017, 63 mwaka 2018, 56 Januari 2020. Kisha Love Between Fairy and Devil ya iQIYI, Agosti 2022, vipindi 36. Till the End of the Moon ya Youku, Aprili 2023, vipindi 40. The Legend of Shen Li, 2024, vipindi 39. Wajanja hawakukosekana: Lost You Forever iligawanywa sehemu mbili, 39 mwaka 2023 na 23 mwaka 2024, jumla 62. Lakini kwa wengi kisu kilipita.

Na kisu kilisaidia. Love Between Fairy and Devil ni hadithi ya Dongfang Qingcang, bwana wa vita asiye na hisia, na Xiao Lanhua, binti mnyonge wa maua aliyemfungua kifungoni kwa bahati mbaya. Wanabadilishana miili katika vipindi vya mwanzo, na Dylan Wang, akiwa ndani ya joho lake jeusi, analazimika kulia kama msichana mdogo. Jambo hilo kwenye tamthilia ya vipindi 58 lingekuwa limezungushwa hadi wiki ya pili. Mavazi yake yanatenganisha falme kwa rangi na kitambaa: weupe baridi wa Mbinguni, weusi wenye madini wa watu wa Mwezi. Hata picha za kompyuta zimekaa vizuri zaidi, kwa kuwa fedha imetandazwa kwenye saa 27 badala ya 43 na nusu. Gharama za maudhui za iQIYI mwaka huo wa 2022 zilikuwa bilioni 16.5, robo pungufu ya zile za 2019, na ndio mwaka wa kwanza kampuni hiyo kupata faida ya uendeshaji.

Udhaifu wake ni ule uliobaki kwa tamthilia zote za aina hii. Wapenzi wa pili wanapewa vipindi vingi wasivyovibeba. Mwisho unakimbia, kana kwamba vipindi viliisha kabla ya hadithi. Na kuna kitu cha kwanza kabisa ambacho namkumbuka Su Su kwacho na ambacho sikioni hapa: kukaa. Bado nasubiri tamthilia fupi ya Kichina itakayothubutu kutumia kipindi kizima kwenye kibanda kimoja na watu wawili wanaopika.

Kwetu sisi hesabu ina safu moja zaidi. China ilikwisha kutuonyesha kwamba inaweza kuzungumza nasi: mwaka 2011 tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake ilirushwa na TBC kwa sauti za Kiswahili, ikapendwa kiasi kwamba Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baadaye StarTimes iliendesha mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili, na washindi wakaenda Beijing kufanya kazi hiyo. Lakini zilizobahatika kuingiziwa Kiswahili zaidi ni za mijini, za wakwe na mawifi na ajira. Za wasiokufa zinatufikia kwa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, au kwa msimulizi wa banda la video anayeziba pengo kwa kipaji chake. Ni hasara, maana hadhira inayojua visa vya majini wanaooa binadamu haihitaji kufundishwa hadithi ya mbweha aliyeolewa.

Na tunazilipia kwa bando. Kwa vipimo vya Netflix, picha ya kiwango cha chini hula hadi GB 0.3 kwa saa, ya kati GB 0.7, ya juu GB 3. Eternal Love yote, saa 43 na nusu, ni GB 13 kwa kiwango cha chini, GB 30 kwa cha kati, na GB 130 ukitaka kuona kila uzi. Love Between Fairy and Devil ni GB 8, 19 na 81 kwa mpangilio huohuo. Vituo vyetu vinavyonunua tamthilia za nje vichukue hizi za vipindi 36 hadi 40, vilipie sauti za Kiswahili zenye waigizaji wa kweli, na vizirushe saa ya watu kuwa nyumbani. Wewe mwenye bando la GB 10 mwezi huu, anza na ile ya mwaka 2022. Ukipata Wi-Fi ya mtu mwema, itazame Eternal Love tangu mwanzo, uruke njama za Su Jin baada ya ile ya macho, na usiruke kipindi hata kimoja cha Su Su.